Kicheko cha Wengi na Ujira wa Mmoja: Habari za Marehemu Amri Athumani, King Majuto



  

Maneno ya leo ni habari za mtu mmoja aliyewachekesha watu muda wa miaka ipatayo 60. Huenda msikilizaji akauliza: katika mkutano wa Waislamu, ambapo desturi ni kutajwa wanavyuoni na waliojenga misikiti, mchekeshaji ameingiaje? Jawabu ni kwamba mtu huyo alikuwa Mwislamu, tena alikuwa mfanyakazi, na mwisho wa kazi yake una funzo juu ya jambo ambalo sheria ya dini imelikazia sana, nalo ni ujira wa aliyefanya kazi. Katika Kampala hii wako vijana wengi wa Kiislamu wanaoigiza, wanaoimba kaswida, wanaosema redioni na wanaopiga picha za sinema. Habari hii ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Jina lake ni Amri Athumani, na dunia ya Waswahili ilimjua kwa jina la King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Tanga wakati huo ulikuwa mji wa bandari na wa mkonge. Mkonge ndio uliokuwa ukiiletea Tanganyika fedha nyingi kuliko mazao mengine, na watu walitoka mbali kuja kuukata. Kwa hiyo mtoto aliyekulia huko alisikia Kiswahili cha kila namna: cha Mdigo na Mbondei, cha Msambaa na Msegeju, cha Mhindi mwenye duka, cha Mwarabu, na cha mgeni aliyeshuka jana kutoka bara. Mwenye sikio zuri na ulimi mwepesi hakukosa darasa. Kujua jinsi kila mtu anavyosema, anavyotembea, anavyokasirika na anavyojidai, ndiyo elimu ya kwanza ya mwigizaji.

Inasemwa kwamba alipanda jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka 9 au 10. Mchezo aliouingia ulikuwa umekwisha pata jina lake katika Tanganyika, yaani vichekesho. Asili ya vichekesho ni mchanganyiko: kuna masihara na utani wa wenyeji wenyewe, kuna michezo ya shuleni ya wakati wa Waingereza, na kuna sinema za kimya za akina Charlie Chaplin zilizoonyeshwa mijini. Mchekeshaji hakuwa na kitabu cha kusoma maneno yake. Alipewa kisa kwa ufupi tu: huyu ni baba mbahili, yule ni mkwe mwenye makuu, huyu ni mtu wa shamba aliyeingia mjini. Basi maneno mengine yote aliyatoa kichwani papo hapo, akiwatazama watu usoni ili ajue wapi pa kukazia na wapi pa kunyamaza. Wanaodharau kazi hii na wajaribu kusimama mbele ya watu 300 waliolipa viingilio vyao, wawachekeshe muda wa nusu saa bila karatasi mkononi. Hapo watajua kama ni kazi au ni upuuzi.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mahali pa vichekesho palikuwa katika vikundi vya sanaa. Usiku mmoja wa burudani ulikuwa na ngoma, na sarakasi, na taarabu, na mchezo wa kuigiza, kisha vichekesho katikati ili watu wapumue. Baadhi ya vikundi vilikuwa vya mashirika ya umma, na kuanzia miaka ya 1980 vilistawi vile vya watu binafsi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata mwaka 1994. Kwa hiyo mchekeshaji aliyetaka kujulikana ilimlazimu aende mwenyewe walipo watu, mji kwa mji. Marehemu alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza wa Tanzania waliotia vichekesho vyao katika kanda na kuviuza, na kwa njia hiyo sauti yake ilifika mahali ambapo mwili wake haukupata kufika.

Televisheni ilipokuja, na baadaye filamu za video za Dar es Salaam zilizoanza kuenea sana tangu mwaka 2003 hivi, yeye alikuwa mtu mzima mwenye mvi na uzoefu wa miaka 40 na zaidi. Wenzake wengi wa jukwaani walishindwa kuvuka daraja hilo, kwa kuwa kamera inataka uso na jukwaa linataka sauti. Yeye alivuka. Akawa ndiye mzee wa filamu za Kiswahili za kuchekesha: baba wa binti anayechumbiwa, mzee mwenye tamaa anayeaibika mbele ya wajukuu, mjanja anayenaswa katika mtego alioutega mwenyewe. Hakuwa kijana mwenye sura ya kupendwa na wasichana, wala kisa cha mapenzi hakikujengwa juu yake. Walakini watu waliitafuta filamu kwa sababu yeye yumo. Mwigizaji wa namna hiyo ni kama chumvi katika chakula. Hakuna asemaye amekula chumvi, lakini ikikosekana kila mtu hutambua.

Filamu hizo zimefika Kampala kwa njia nyingi: kwa kanda, kisha kwa diski, kisha kwa simu za mkononi. Mji huu una vibanda vyake vya video, na una mafundi wake wanaofasiri filamu kwa Kiganda wakisema juu ya picha, hata mtazamaji asiyejua lugha ya wenye filamu akafuata kisa. Kiswahili nacho kina historia yake hapa. Kwa muda mrefu wako waliokiona kuwa lugha ya askari na ya wageni, ijapokuwa katika nyumba nyingi za Waislamu kilikuwa lugha ya madrasa na ya biashara. Katiba ya Uganda ilipobadilishwa mwaka 2005 kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Maamuzi hayo ni mema. Lakini lugha huingia moyoni kwa kucheka kuliko kwa kuamriwa, na wachekeshaji wameisaidia kazi hiyo bila ya kupewa cheo cha mwalimu.

Kabla ya kufika mwisho wa habari zake yafaa kulijibu swali moja ambalo huulizwa misikitini. Je, dini inakubali kuchekesha? Yapo makemeo makali juu ya mtu asemaye uwongo ili watu wacheke, na makemeo hayo hayafai kufichwa. Lakini yapo pia masimulizi ya masihara ya Mtume, rehema na amani zimfikie. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, naye akamwahidi kumpa mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu, mtoto wa ngamia atampandaje? Mtume akambainishia ya kuwa kila ngamia amezaliwa na ngamia. Masihara yale yalikuwa kweli tupu, na hayakumvunjia mtu heshima. Kuhusu mchezo wa kuigiza wanavyuoni wamehitilafiana: wako waliouzuia, na wako walioufananisha na mfano unaopigwa ili watu wapate mazingatio, kwa kuwa atazamaye anajua tangu mwanzo kwamba yule si baba wala huyu si mwana. Lakini wote wanakubaliana juu ya mpaka: matusi, uchafu, na kumdhalilisha mtu mbele za watu, hayo hayana ruhusa. Kijana anayeshika kazi hii na aupime mchezo wake kwa kipimo hicho kabla ya kupimwa na wengine.

Sasa lije lile funzo lenyewe. Mwaka 2018 marehemu aliugua sana. Alitibiwa Dar es Salaam, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Katika siku hizo za ugonjwa Watanzania walishtuka kujua kwamba mzee ambaye sura yake ilikuwa kila mahali, katika filamu na katika matangazo ya biashara, hakuwa na mali inayolingana na kazi aliyoifanya. Likazuka swali la mikataba yake. Swali hilo likafika serikalini, na waziri aliyesimamia sanaa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuitazama mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwa ndiyo iliyofungua mlango. Maana yake ni kwamba jambo lililopaswa kumalizwa mezani siku ya kutia saini, lilikuja kushughulikiwa na waziri wakati mwenye haki amelala kitandani.

Amri Athumani alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Siku hiyo Tanzania huadhimisha Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Alizikwa kwao Tanga. Nchi nzima ilimlilia, wakubwa kwa wadogo, na sifa zilizosemwa juu yake zilikuwa nyingi na za kweli. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe makosa yake. Amin.

Jambo hili halikumpata yeye peke yake, wala si la Tanzania tu. Kenya kulikuwa na Mzee Ojwang, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Benson Wanjau, aliyewachekesha Wakenya katika televisheni ya taifa kwa miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi. Macho yalipomwuma uzeeni, watu walichangishana fedha ili atibiwe. Alifariki mwaka 2015. Waliochanga walifanya wema, na malipo yao yako kwa Mola. Lakini hapo pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Mchango ni sadaka, na ujira ni haki. Sadaka humpandisha daraja mwenye kutoa, na mwenye kupokea huinamisha kichwa. Haki humwacha mtu na kichwa chake juu. Ukimnyima mtu haki yake akiwa mzima, kisha ukamletea sadaka akiwa mgonjwa, na watu wakakupigia makofi, basi umemdhulumu mara mbili: mara ya kwanza katika mali yake, na mara ya pili katika heshima yake.

Dini haikuliacha jambo hili lielee hewani. Imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, amri ya kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Imepokewa tena kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshindani wao Siku ya Kiyama, yumo yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, haikushuka kuhusu vita wala kuhusu ufalme. Imeshuka kuhusu kuandikiana: deni liandikwe na muda wake, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Yapasa kujiuliza kwa nini jambo la karatasi na wino limepewa nafasi kubwa namna hiyo. Ni kwa sababu Muumba anawajua viumbe vyake, na jinsi urafiki wa asubuhi unavyosahau ahadi jioni.

Ugonjwa wa kazi ya filamu za video ulikuwa hasa hapo. Aghalabu mwigizaji alilipwa mara moja, kwa mapatano ya mdomo au kwa karatasi asiyoielewa. Filamu ikauzwa jumla pamoja na haki zake zote. Baada ya hapo, ikiuzwa nakala 1,000 au 100,000, ikionyeshwa mwaka mmoja au miaka 20, yeye haimhusu. Katika matangazo ya biashara hatari ni kubwa zaidi, maana hapo kinachouzwa ni uso wa mtu na sauti yake, vitu ambavyo hana vingine. Akiambiwa tangazo ni la miezi sita na likaendelea miaka mitatu, na hakuna karatasi inayotaja miezi sita, atakwenda kwa nani?

Sheria za nchi zipo. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki na hakishiriki mwaka 1999, na Uganda ikatunga yake mwaka 2006, na sheria hizo zinamtaja mwigizaji pamoja na mtunzi. Lakini sheria ni kama mwavuli. Mwavuli uliofungwa pembeni haumzuilii mtu mvua. Anayetia saini bila ya kusoma ameuacha mwavuli wake nyumbani.

Haifai mtu kudhani kwamba mwigizaji hawezi kuyajua mambo haya. Marehemu Rashidi Mfaume Kawawa, Mwislamu aliyezaliwa mwaka 1926, katika miaka ya 1950 alicheza katika filamu za Kiswahili za Tanganyika, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu. Mtu huyo huyo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, akidai mishahara ya makuli na vibarua, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa nchi. Hapa Kampala yuko marehemu Kato Lubwama, aliyefariki mwaka 2023. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani na msemaji wa redioni, kisha watu wa Rubaga Kusini wakampeleka Bungeni kuanzia 2016 hata 2021. Hao wawili hawakuwa wa dini moja wala wa nchi moja, lakini wote wawili walionyesha ya kuwa aliyezoea kuwasemea watu wa mchezo aweza pia kuwasemea watu wa kweli. Sanaa haimpunguzii mtu akili.

Basi, ili habari hii isiishe kama hadithi ya usiku, yafuatayo yapasa kushikwa.

Kwanza, kijana anayeitwa kuigiza, kuimba au kutangaza, asianze kazi kabla ya kuandikiana. Karatasi na itaje mambo matano: kazi yenyewe ni ipi, malipo ni kiasi gani na yatatolewa siku gani, picha au sauti yake itatumika muda gani, itatumika wapi, na ikitumika tena baada ya hapo atapata nini. Mashahidi watie saini, na yeye abaki na nakala yake. Kama lugha ya karatasi ni ngumu, amtafute anayeijua. Katika jumuiya hawakosi wanasheria na wazee waliofanya kazi za ofisi, na nusu saa ya mzee kama huyo ni sadaka kubwa kuliko mchango wa mwaka mzima.

Pili, yule anayeajiri, awe mwenye studio, au mwenye duka, au kamati ya arusi na ya Maulidi, asijifiche nyuma ya neno la kusaidiana. Mwimbaji wa kaswida aliyeahidiwa ujira na alipwe usiku ule ule kabla hajapanda gari. Ikiwa kazi ni ya kujitolea, basi isemwe mapema kwamba ni ya kujitolea, naye akubali kwa hiari yake. Kumwita mtu kwa ahadi na kumwaga kwa dua ni dhuluma, hata dua ikiwa ndefu.

Tatu, mtazamaji naye ana sehemu yake. Anayenunua nakala ya wizi kwa sababu ni rahisi, au anayeisambaza bure filamu ya mtu, hucheka kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anachukua kilicho cha mwingine. Shilingi chache anazookoa yeye, zikijumlishwa na za wenzake, ndizo dawa alizozikosa mzee hospitalini.

Nne, wazee wa sanaa waenziwe wakiwa hai. Mwaliko, tuzo, na kusikilizwa na vijana, vyote hivyo havina faida kwa maiti. Maiti anahitaji kulipiwa madeni, kuombewa, na haki zake kufikishwa kwa warithi wake.

Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mzee wa Tanga alilichukua jina hilo akalifanya la kuchekesha, na kila lilipotajwa watu walifurahi. Lakini maana ya methali ingali pale pale. Majuto ya kweli ni ya wale waliocheka naye miaka 60, kisha wakauliza juu ya ujira wake alipokuwa hawezi tena kusimama. Wachekeshaji wa Kampala wangali hai, na wengine wao wamo katika jamaa za wasikilizaji hawa. Kwao mjukuu bado hajazaliwa, na kalamu ipo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape wafanyakazi haki zao, na awaongoze wenye kuajiri katika uadilifu. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.